Amekonda Chini ya Manyoya, na Nyinyi Hamna Habari

Ndege wa nyumbani haumwi hadharani. Mizani ya keki na daftari moja vinaweza kumwokoa, na pengine vikawaepusha na ugomvi wa "nani alimlisha?"

Hebu jiulize, msomaji: ndege wako ana gramu ngapi? Usicheke. Mtoto mnampeleka kliniki kila mwezi, ananing'inizwa kwenye mizani, nesi anatia nukta kwenye kadi, na mstari ukianza kuteremka nyumba nzima haina raha. Nyinyi wenyewe suruali ya kazini ikianza kubana mnajua. Lakini yule anayewaamsha kila alfajiri kwa kelele zake barazani mnamkisia kwa macho tu. "Mzima huyo, si unamsikia anavyopiga makelele?"

Macho hayatoshi. Ndege wengi wa majumbani wanakufa huku wakipendwa na wakilishwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wamekonda.

Chukulia Makunduchi, maana pale jambo hili lina sura yake. Ni kusini kabisa mwa Unguja, zaidi ya kilomita 60 kutoka Mjini, na vijana wake wengi wanaishi kwa nyumba mbili: siku za kazi Mjini au kwenye mahoteli ya Jambiani na Paje, mwisho wa wiki kwa wazee. Mkioana katika maisha hayo, ndege analelewa kwa zamu. Leo yuko na mke, kesho na mume, keshokutwa shangazi anamtupia mtama akipita. Kila mmoja anamwona kidogo, hakuna anayemwona mfululizo. Gramu moja ikipungua Jumatatu na nyingine Alhamisi, nani atagundua?

FUNDI WA KUFICHA

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndege ndiye mficha maradhi nambari moja. Porini anayeonyesha unyonge ndiye wa kwanza kuliwa na mwewe, kwa hiyo maumbile yamemfunza kujikaza: anakaa wima, anadokoadokoa chakula, anaimba. Akijua anatazamwa ndiyo kabisa, anajitia uzima. Kufikia siku mnayomkuta chini ya tundu amejivimbisha kama donge la pamba, ugonjwa unaweza kuwa umeshamtafuna kwa wiki kadhaa. Halafu tunawaambia majirani kafa ghafla.

Manyoya nayo yanausaidia uongo huo. Mtu akikonda shavu linaingia ndani, kola ya shati inampwaya. Ndege akikonda manyoya yanabaki na umbo lile lile, na akisikia baridi anayatutumua, mkamwona mnene kuliko jana! Mwili wenyewe ulio chini yake ni mdogo ajabu. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule hodari wa kuiga sauti ya bibi mwenye nyumba, kwa kawaida ana gramu 400 hadi 500 hivi. Wale kasuku wadogo wa rangi wanaokaa wawili wawili wakisafishana manyoya, vijana mnawaita lavubadi, wana gramu 42 hadi 58. Kasuku mdogo wa Australia, wa kijani au wa buluu, ni kama 30 hadi 40. Chiriku wa njano hafiki hata huko.

Sasa piga hesabu. Lavubadi wa gramu 50 akipoteza gramu 5, hiyo ni sehemu ya kumi ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 7. Kilo 7 mwenzio angeziona ukiwa bado uko mlangoni! Gramu 5 ni maji ya kijiko kimoja cha chai.

MWENYEJI KULIKO MNAVYODHANI

Huyo lavubadi, kwa njia, si mgeni kwetu, ingawa wengi wanafikiri kaletwa na Wazungu pamoja na tundu lake. Aina mojawapo inayojulikana sana ilipewa jina la Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyefika Unguja mwaka 1876 na kufanya kazi ya utabibu hapa hapa, huku akivuka kwenda bara kupeleleza nchi na kukusanya ndege. Alifariki mwaka 1886, na mwaka uliofuata Mjerumani mwenzake, Anton Reichenow, akampa ndege huyo jina la daktari. Kwao ni Tanzania bara, nchi za kusini na mashariki ya Ziwa Victoria mpaka Serengeti.

Umaarufu ulimponza. Miaka ya 1980 alinaswa na kusafirishwa nje kwa maelfu na maelfu. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingiza ndege wa porini mwaka 2005 na kufunga mlango moja kwa moja mwaka 2007, na Tanzania nayo ikasimamisha kusafirisha nje wanyama hai mwaka 2016. Mwaka huo huo, kwenye mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, kasuku wa kijivu aliwekwa kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa, na kuanzia Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini ikapigwa marufuku.

Haya yanaingiaje kwenye mizani? Yanaingia hivi: ndege aliyenaswa porini, akasafirishwa kwenye boksi akiwa na hofu, anafika kwenu tayari amekonda, na manyoya hayasemi. Ukisimamishwa njiani ukaambiwa "katoka bara jana, braza, bei poa," jibu ni hapana, kwa ajili ya sheria na kwa ajili ya moyo wako pia. Hata kwa ndege aliyezaliwa kwa mfugaji, na mwenye karatasi zake, omba kumshika kabla ya kutoa pesa. Pitisha kidole katikati ya kifua. Kuna mfupa unaosimama pale kama mkuku wa ngalawa. Ukiusikia kidogo tu, na nyama imejaa pande zote mbili, huyo mzima. Ukiwa umechongoka kama ubapa wa kisu na pembeni kuna mabonde, mwenye duka akuambie nini tena?

JICHO LA SONARA

Masonara wa Mji Mkongwe somo hili wanalijua tangu zamani. Dhahabu wanaipima kwa gramu na kwa tola, na tola moja ni gramu 11 na ushei. Hakuna sonara atakayepima mkufu kwa mizani ya magunia ya karafuu. Basi lavubadi wenu ni kama tola 4 tu. Mtendeeni hivyo.

Mizani ya bafuni, ile mnayoikanyaga mkitoka kuoga na kuilaani, haifai kabisa. Inayofaa ni ya jikoni ya dijitali, wanayotumia wapika keki, inayosoma gramu moja moja. Kwa kasuku wa gramu 400 gramu moja si kitu. Kwa lavubadi ni asilimia 2. Kwa chiriku wa gramu 20 ni asilimia 5, na huyo anataka mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ya aina ya wauza vito. Mnashuku mizani yenu? Nunueni dukani kwa dawa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Wekeni kikombe kitupu juu ya mizani, bonyezeni kitufe cha kuirudisha sifuri, mimineni maji ya bomba moja. Isome 20. Ikisoma 17, badilisheni betri au badilisheni mizani. Na hizo betri kwetu ni neema. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009, umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa takriban miezi mitatu, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kumsimamisha ndege ndiyo kazi yenyewe, hasa siku za mwanzo. Kasuku aliyezoea mkono anataka kijiti cha kukalia tu. Kata tawi la mpera, lipigilie juu ya kipande cha ubao, weka juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha mpandishe. Siku mbili tatu za kwanza usipime chochote. Mwache aichunguze mizani, aiume, aione haina maana, na kila akipanda mpe punje moja ya alizeti. Punje moja! Kasuku ni mtu wa biashara, akishajua bei anakuja mwenyewe. Ndege mwenye wasiwasi mtie ndani ya kopo pana la plastiki lenye matundu, mmeshalipimia sifuri, lifunikeni na kitambaa chepesi. Kizani anatulia, namba inatulia. Zimeni feni kwanza, kwa sababu upepo unaichezesha mizani, na ndege akiruka mapangaboi yale hayana huruma. Fungeni madirisha. Paka atoke nje, hata kama ni paka mstaarabu.

KABLA HAJANYWA CHAI

Saa ya kupima ni moja: asubuhi, akishajisaidia mara ya kwanza, na kabla hajala. Ndege ana mfuko wa chakula pale chini ya shingo, na jioni unakuwa umejaa. Mkipima Jumatatu asubuhi na Ijumaa magharibi mtapata namba mbili zisizosemezana, mtaingiwa na hofu bure, au mbaya zaidi, mtapata faraja ya uongo.

Anzeni kwa kupima kila siku kwa wiki mbili. Hapo ndipo mtaujua uzito wake yeye, maana zile gramu nilizotaja juu ni uzio tu wa shamba. Kuna kasuku wa kijivu mwembamba wa gramu 380 aliye mzima wa afya, na kuna wa 480 ambaye jana alikuwa na 530 na yuko taabani. Baada ya wiki mbili, mara moja kwa wiki inatosha. Akiwa mgonjwa, mgeni nyumbani, au kinda wa kulishwa kwa mkono, rudini kwenye kila siku.

Andikeni. Kichwa si daftari. Kenya kuna madaftari ya shule yanayoitwa Kasuku, na kama una shemeji Mombasa mwagize moja kwa kicheko tu, lakini daftari lolote linafaa: tarehe, saa, gramu, na neno moja la pembeni, kama "kapukutika manyoya" au "hakula papai".

Halafu msome mnachoandika. Chukueni gramu zilizopungua, gawanyeni kwa uzito wake wa kawaida, zidisheni kwa 100. Akipanda na kushuka asilimia 1 au 2, hayo ni maisha. Ikifika 3 au 4, mpimeni kila siku na mkitazame kinyesi chake na bakuli lake la chakula. Maganda matupu ya mtama juu ya bakuli yamewadanganya wengi wakadhani limejaa. Ikifika 10, kwa daktari siku hiyo hiyo, bila kusubiri mwisho wa wiki wala mshahara. Ndege mdogo asiyekula siku nzima tayari yuko hatarini. Na mteremko wa taratibu, nusu gramu leo, nusu gramu wiki ijayo, mimi unanitia hofu zaidi kuliko kushuka kwa ghafla, kwa sababu ndio tunaoutafutia visingizio.

Je, akinenepa? Watu wa pwani tunapenda kuona kitu kimenona, na hapo tunawaua wengine. Alizeti na karanga ni mafuta matupu kwa kiumbe anayeishi ndani ya tundu la futi mbili. Ini linajaa mafuta na pumzi inakuwa fupi. Karanga zenyewe, kwa unyevu wa kisiwa chetu, huota kuvu upesi, na sumukuvu haichagui: mwaka 2016 ilisababisha vifo vya watu Dodoma na Manyara waliokula nafaka zilizochafuliwa. Ndege wa gramu 50 afanyeje? Mpeni mtama, uwele, mchicha, karoti, na pilipili mbichi kama anataka, ulimi wake hausikii ukali kama wetu. Parachichi hapana, hata kipande, kwa ndege ni sumu. Jike naye akipanda uzito ghafla ndani ya siku chache, huenda yai liko njiani. Akitaga, namba inarudi. Akiwa mzito, anajikamua na yai halitoki, hilo ni la daktari mara moja.

"USHAMPA?"

Sasa tuje kwenu wawili.

"Ushampa huyu?"

"Nilidhani wewe ushampa."

"Mie nimetoka saa kumi na mbili, ningempa saa ngapi?"

"Siku hizi wewe hujali kitu humu ndani."

Mmeona lilivyogeuka? Sentensi nne tu, na ndege hayumo tena. Kinachozungumzwa sasa ni nani anachelewa kurudi, nani ameacha kusaidia, simu ya nani haikupokelewa juzi. Na upande wa pili ni ule ule: mke kampa chakula saa moja, mume kaja kwa upole wake kampa tena saa mbili, mama mkwe kaona bakuli lina maganda kalijaza. Watu watatu wenye mapenzi, ndege mmoja mwenye ini bovu.

Ninachoipendea mizani ni kwamba haina upande. Haisemi wewe mzembe. Inasema 47, na wiki iliyopita ilisema 50. Mkisimama wote wawili mbele ya namba hiyo swali linabadilika, mnaanza kuulizana tumfanyie nini. Kwa hiyo nawashauri mgawane kazi: mmoja apime, mwingine aandike, na wiki ijayo mbadilishane. Ni dakika 2, labda 3 ndege akiwa na madeko. Atakayesoma namba asiizungushe kumfurahisha mwenziwe. Arubaini na saba ni arubaini na saba.

Mkiwa mbali? Mmoja Makunduchi, mwingine Mjini, na ndege yuko na mmoja wenu? Ijumaa saa moja asubuhi, aliye na ndege apige picha namba ya mizani aitume. Kuna wanaotumiana maua ya kwenye simu kutwa nzima. Picha ya "48" iliyofika kwa wakati inamwambia mwenzio kwamba umeamka, umekumbuka, na kile mlichokianzisha pamoja kinaendelea.

JULAI INAPOFIKA

Mtihani mkubwa wa ndege wa Makunduchi ni Mwaka Kogwa. Julai, mwaka mpya wa Nairuzi unapoingia, kila Mmakunduchi aliyeko Mjini anarudi kwao. Wanaume wanachapana kwa migomba na kumaliza vinyongo vya mwaka mzima, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wamevaa wakapendeza wanaimba, na chakula ni siku kadhaa mfululizo. Nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inaonekana ina upungufu. Raha tupu!

Kwa ndege ni mambo mengine. Tundu limesafirishwa kwenye daladala, limening'inizwa mahali pageni, usiku halali kwa kelele, mchana watoto wa ukoo mzima wanampa biskuti, halua na kila kilichopo mkononi. Ndege mwenye hofu hali, au anakula uchafu. Tena ni msimu wa kusi, upepo wa usiku una ubaridi wake. Na moshi! Mapafu ya ndege ni mepesi mno kwa hewa chafu. Migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ilitumia chiriku kama kengele ya hewa ya sumu mpaka mwaka 1986. Kwa hiyo tundu likae mbali na kibanda kinapochomwa, mbali na jiko, na chumba kinachofukizwa udi kiwe kingine. Bi harusi mpya anafukizwa, kasuku hafukizwi.

Mpimeni asubuhi ya kuondoka Mjini. Mpimeni kesho yake mkiwa Makunduchi, halafu kila asubuhi mpaka mrudi. Kushuka kidogo kwa ajili ya safari si ajabu, na aliye mzima huanza kujirudi akishatulia siku mbili tatu. Asiyerudi, sherehe yake imekwisha. Mkiamua kumwacha kwa jirani Mjini, mwachieni na mizani, na ukutani bandikeni karatasi yenye namba mbili: uzito wake wa kawaida, na ule ambao ukifika mpigiwe simu hata kama mko katikati ya ngoma. Kwa lavubadi wa 50 hiyo ya pili iwe 47. Msingoje 45.

Kwa daktari, chukueni daftari. Madaktari wengi wa mifugo siku zao zinapita na ng'ombe, mbuzi na kuku wa kideri, na kasuku anayejitia mzima mezani hawapi la kushika. Safu ya tarehe na gramu inawapa. Wataona alianza kushuka lini, na nyinyi mtakumbuka wiki ile mlibadilisha chakula, au mlipaka rangi sebule. Ndege asafiri ndani ya tundu dogo, upande wa upepo pazungushwe kanga, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo iwekwe kando yake, aisogelee au aikimbie mwenyewe. Mizani pia ibebeni. Ile ya kupimia mbuzi haitamwona.